Kambarage: Jina Lililokaa Mahali pa Mugendi

Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, kwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mke wake wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe, hakuanza maisha kwa jina la Kambarage. Aliitwa Mugendi, jina ambalo kwa Kizanaki ni la mtu wa mwendo, mtu asiyekaa mahali pamoja. Halikudumu. Muda si mrefu likaondolewa kwa ushauri wa mpiga ramli, ambaye huko huitwa omugabhu, na mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa kike wa mvua. Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa Julius, na baadaye nchi nzima ikamwita Mwalimu. Kati ya majina yote hayo, lile la mvua ndilo linalosimuliwa kwa haraka kuliko mengine: alizaliwa siku ya mvua, basi, akaitwa Kambarage. Naona ufupi huo umetupotezea jambo kubwa. Jina la mtoto wa kiume kwetu limekuwa, mara nyingi, kumbukumbu ya waliolitoa: hofu yao, deni lao, ombi lao. Anayelisoma kama maelezo ya mtoto anausoma upande usioandikwa kitu.

Tuanze na kalenda. Aprili katika ukanda wa Ziwa Viktoria ni mwezi wa masika. Kama mvua ya siku ya kuzaliwa ingetosha kuzaa jina, Butiama ingejaa akina Kambarage, mmoja kila ua, na jina lisingekuwa na uzito wa kusimuliwa hadi leo. Kikwazo cha pili kimo ndani ya hadithi yenyewe. Mvua hiyo, kama ilinyesha, ilikwisha kunyesha wakati mtoto anaitwa Mugendi. Aliyechagua jina la kwanza alikuwa chini ya wingu lilelile, na wingu halikumshawishi. Kati ya jina la kwanza na la pili hali ya hewa haikuongeza neno. Kilichoongezeka ni shauri la mpiga ramli na utayari wa wazazi kulifuata.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri tukiwatazama majirani. Wajaluo, ambao baadhi yao wanaishi mkoa huohuo wa Mara, upande wa Rorya, humwita Okoth mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha, kama wanavyomwita Otieno aliyezaliwa usiku na Omondi aliyezaliwa alfajiri. Okoth ni taarifa. Mkunga aliyekuwa chumbani anaweza kuithibitisha, na mtoto mwingine akizaliwa saa ileile nyumba ya pili, naye ana haki ya jina hilo. Kambarage halipatikani kwa njia hiyo. Ni jina la nafsi, la mzimu wenye uwezo unaohofiwa na kutegemewa, na kumpa mtoto jina hilo ni kumkabidhi kwake. Ndivyo ninavyousoma uamuzi wa mpiga ramli: jina lilikuwa ombi, na ombi lina mwombaji na mwombwa. Mvua ileile moja, basi, inaweza kutoa majina mawili yasiyofanana hata kidogo, moja la shahidi na jingine la mtu mwenye haja. Kamusi haiwezi kutuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu kamusi inajua mvua tu.

Ni lazima pia kukumbuka mvua ilikuwa nini katika nchi ile. Kwa wakulima wa mtama na ulezi na wafugaji wa ng'ombe, mvua ikichelewa ni njaa, na anayeaminika kuileta ana sauti nzito kuliko mwenye mkuki. Waikizu, majirani wa Wazanaki, husimulia kwamba utawala wao una asili kwa mwanamke mleta mvua, Nyakinywa. Katika mazingira hayo si ajabu mzimu wa kike kutoa jina kwa mtoto wa kiume. Jinsia ya mtoto ilikuwa jambo dogo mbele ya nguvu iliyokuwa ikiombwa. Humo mna siasa pia. Cheo cha Burito kilikuwa cha juzi: aliupata utemi mwaka 1915 chini ya Wajerumani, na mwanawe alipozaliwa bendera ilikuwa imeshabadilika, Mwingereza ndiye anayetawala. Mtu aliyekuwa akipokea amri kutoka bomani hakuuliza bomani mwanawe aitweje. Huo naona ni ushahidi unaozidi barua nyingi za maofisa wa wakati ule, maana unaonyesha mamlaka gani ilibaki hai nyumbani kwa mtemi wakati mamlaka nyingine ikiandikwa katika vitabu vya serikali.

Hapa litakuja pingamizi, tena la haki: hadithi za kuzaliwa kwa wakubwa hupambwa. Mtu akishakuwa Rais, kila kitu kilichotokea siku aliyozaliwa hugeuka ishara, na wasimulizi hushindana kuongeza. Nakubali. Huenda mvua yenyewe ni pambo. Lakini mpambaji hupamba akielekea mahali fulani. Anataka jina litabiri maisha. Sasa tuyatazame maisha ya mtu huyu. Mwaka 1934 alitoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh. Mwaka 1955 alikuwa New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akiitetea Tanganyika. Oktoba 1967, akiwa tayari Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kwa mtu wa namna hiyo, jina lililokuwa tayari kutabiri kila kitu ni Mugendi. Mpambaji mwenye akili angelishika hilo kwa mikono miwili. Kwamba masimulizi yametunza jina lililotupwa, na yakakiri kuwa lilitupwa, ndiko kunakonifanya niamini kiini chake.

Ushahidi huohuo unawapa kazi wale wanaosema jina huumba mtu. Imani hiyo ina wafuasi wengi, na ndiyo inayowafanya wazazi waogope kumwita mtoto Mashaka au Taabu. Katika kisa chetu, jina lililoondolewa ndilo lililofanana na maisha, na lililobaki halikuonekana kufanya kazi: ukame wa 1973 na 1974 uliikuta Tanzania chini ya uongozi wa mtu mwenye jina la mzimu wa mvua, na serikali yake ikalazimika kuagiza nafaka kutoka nje. Mtetezi wa imani hiyo anaweza kusema kwamba mzimu uliombwa umlinde mtoto mmoja, haukuombwa uwanyweshee watu wote mashamba. Sawa, lakini akisema hivyo amekubali hoja yangu. Ameacha kuuliza jina linasema nini kuhusu mvulana, na ameanza kuuliza waliompa walikuwa wakiomba nini.

Jina la baba linathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Burito alizaliwa mnamo 1860, wakati viwavijeshi walipoivamia nchi, na Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Wajaluo nao wana Obonyo, jina la mvulana aliyezaliwa wakati wa nzige. Katika jamii isiyoweka maandishi, mvulana mwenye jina la nzige ni tarehe inayotembea: akizeeka, umri wa uvamizi ule unajulikana kwa kumtazama yeye. Hakuna aliyedhani kwamba mtoto mwenyewe anafanana na kiwavi, wala jina halikumzuia kuwa mtemi. Jina lilikuwa la msiba wa watu wote, na yeye alipewa alitunze. Halafu zikaja shule na rejista zake, zinazotaka kila mtoto awe na jina lake na la baba yake, na msiba wa 1860 ukageuka jina la ukoo. Mvulana wa 1922 akabeba viwavi ambao hakuwaona, na wanawe wakawabeba pia. Leo hakuna anayemkumbuka mdudu yeyote anaposikia jina la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Siwezi kujizuia kutabasamu ninapofikiria bwawa la umeme katika Mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115: bwawa linaloishi kwa mvua limepewa jina la viwavi, na jina la mvua limeangukia uwanja wa mpira wa Shinyanga. Katika nyaraka nyingi Kambarage amebaki herufi moja, K, iliyobanwa kati ya Mrumi na kiwavi.

Kama jina ni neno la watoaji, tunapaswa pia kuuliza wanamwambia nani. Mtoto mchanga hasikii. Miongoni mwa Wajaluo, mvulana anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa anaweza kuitwa Owiti au Ojwang', yaani aliyetupwa, aliyeachwa. Akisikia mgeni asiyejua, atadhani mama hampendi mwanawe. Ukweli ni kinyume chake: jina linasemwa ili kifo kisikie na kikadhani hapa hakuna cha thamani cha kuchukuliwa. Mzazi aliyezika watoto wawili au watatu anajifunza kuficha furaha yake, na mahali pa kwanza pa kuificha ni kwenye jina. Mashaka na Shida wa bara letu wanasimama karibu na hapo. Kwa hiyo anayemcheka mtu mzima aitwaye Mashaka anacheka kilio cha mama, tena kilio kilichofanya kazi yake, maana Mashaka yupo na anachekwa. Huko Burundi na Rwanda sauti hiyo hupanuka hadi kuwa sentensi nzima. Kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake peke yake, lisilorithiwa, hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakawa na majina yasiyofanana. Ndikumana ni tamko la mzazi kwamba yuko pamoja na Mungu. Ntibazonkiza ni neno la mtu anayesema hawataniokoa, na kila jirani anajua hao ni akina nani. Mtoto anapoitwa kula, ujumbe unapita juu ya ua. Nyandwi na Minani, wa saba na wa nane, ni majina ya hesabu tu, na hayo nayapita.

Pingamizi zito kuliko yote ni la desturi na dini. Mtu atasema: hoja yako inafaa pale mzazi alipo huru kuchagua, lakini mamilioni ya wavulana wa Afrika Mashariki hupewa majina ambayo hakuna aliyeyachagua. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake na wa pili jina la baba wa mama yake, mvua inyeshe isinyeshe. Pwani, Juma na Hamisi huja na siku, Ramadhani na Shaaban huja na mwezi. Mkristo hupewa jina la mtakatifu. Uko wapi hapo uamuzi wa mtoaji? Nadhani uamuzi upo, ila umefanywa na watu wengi zaidi na zamani zaidi. Mkikuyu anayemwita mwanawe jina la babu hasemi mtoto huyu yukoje. Anasema ukoo haujakatika na deni la babu limelipwa. Hilo ni ombi na ni jibu, kama lile la Butiama, tofauti yake ni kwamba lilikwisha tungwa kabla mtoto hajatungwa mimba. Na pale desturi inapoacha upenyo, mtoaji huingia mara moja. Mvulana aliyezaliwa kwa Jomo Kenyatta tarehe 26 Oktoba 1961 aliitwa Uhuru Muigai. Muigai lilikuwa jina la baba yake Jomo, kwa hiyo hapo desturi imesema neno lake. Uhuru lilikuwa la wakati: Kenyatta alikuwa ametoka kizuizini Agosti mwaka uleule, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Nairobi. Ingepepea hadi tarehe 12 Desemba 1963. Mtoto alikuwa na miaka miwili na zaidi kabla nchi haijapata kile alichoitwa. Majina mawili kwa mtoto mmoja, Muigai limegeukia alikozaliwa baba, Uhuru limegeukia mbele, na yote mawili yanamweleza Jomo kuliko yanavyomweleza mwanawe.

Majina ya dini nayo hayako mbali. Kusema kwamba Julius ni jina la Kirumi ni kusema kweli isiyofaa kitu. Jina hilo lilisafiri karne nyingi likiwa la Wakristo kabla ya kufika kwa kijana wa Kizanaki, na kwake lilikuwa alama ya kuingia Kanisa Katoliki mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Nilipendalo katika kisa hiki ni kwamba mwenye jina hakuliacha lilale. Miaka 20 baadaye alimtafsiri Shakespeare, na kazi aliyoichagua kwanza ni ile ya Julius Caesar, iliyotoka 1963 na kurekebishwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sidai kwamba aliichagua kwa sababu ya jina. Zipo sababu za kisiasa zinazotosha katika tamthilia ya mtawala anayeuawa na marafiki zake. Nasema tu kwamba jina la ubatizo, ambalo wazalendo wengi wanalihesabu kuwa pango la kupotelea, linaweza kupata historia ya pili mikononi mwa aliyelipokea.

Hao wazalendo wana hoja yao, na imewahi kujaribiwa kwa nguvu ya dola. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru Wazaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, naye Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Kwa macho ya kamusi huo ulikuwa ushindi: majina yote sasa yalikuwa na maana za nyumbani. Lakini aliyeyatoa alikuwa serikali, na sababu yake ilikuwa amri. Mtu aliyeokota jina la babu kwa hofu ya askari alikuwa na jina la babu na kumbukumbu ya askari. Linganisha na jina la Museveni huko Ankole, Uganda. Hilo limetokana na Abaseveni, wanajeshi wa Batalioni ya Saba ya King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya, ambamo Waganda wengi walipigana Vita Kuu ya Pili. Mzizi wake ni namba ya Kiingereza katika jeshi la mkoloni. Amri ya Mobutu ingelitupa nje siku ya kwanza. Hata hivyo mzazi aliyemwita mwanawe hivyo mnamo 1944 alikuwa anawaheshimu vijana waliokwenda mbali kupigana, na heshima hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Kati ya majina hayo mawili, la jeshi ndilo la nyumbani zaidi.

Litabaki swali la wazazi wa leo, wanaochukua majina ya kiume kutoka katika filamu, mpira na intaneti kwa sababu yanasikika vizuri. Wazee hulalamika kwamba majina hayo hayana maana. Sikubaliani nao, ingawa masikio yangu yanawaunga mkono. Mtoto aliyepewa jina la mshambuliaji wa timu ya Uingereza ana jina linalosomeka vizuri kabisa: baba yake alikuwa anatazama nini, mwaka gani, na alikuwa anamtamania mwanawe dunia ya ukubwa gani. Tatizo liko kwingine. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya jina, jinsi, tarehe, mahali na wazazi. Hakina nafasi ya aliyetoa jina wala sababu yake. Zamani sababu ilikaa vinywani mwa bibi na shangazi waliokuwepo uani. Familia zikishatawanyika Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, vinywa hivyo haviko karibu, na jina linabaki na kamusi peke yake.

Wapo pia wavulana wanaoitwa Kambarage hivi sasa, wengine wamezaliwa mbali kabisa na Mara, kwa wazazi wasiojua neno moja la Kizanaki. Mwalimu wa darasa atamwambia mmoja wao, kwa nia njema, kwamba jina lake ni la mzimu wa mvua. Huyo wa mvua aliombwa na watu wengine, mwaka 1922, kwa ajili ya mtoto mwingine. Kambarage wa Mbeya au wa Tanga akitaka la kwake, amwendee baba yake, au yeyote aliyekuwa na kauli siku ile; na jibu atakalopata huenda likawa Azimio la Arusha, au msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999, au babu aliyefundishwa Pugu na mwalimu mwenye jina hilo.